SOMO LA WIKI: Uniti za mwisho ndizo zinazokula faida

Mfanyabiashara mdogo hujua bei ya kila kitu kilichopo rafuni. Ukimwuliza kiberiti alikinunua kwa kiasi gani na anakiuza kwa kiasi gani, atakujibu bila kufungua daftari. Lakini ukimwuliza friji lake linakula shilingi ngapi kwa siku, wengi hukaa kimya. Gharama isiyojulikana haiwezi kupunguzwa.

Somo la wiki hii linahusu gharama ya nishati nyumbani na dukani, na jinsi hatua ndogo ndogo zinavyoweza kubakiza fedha mfukoni.

Bili hupanda kwa njia mbili

Njia ya kwanza ni bei yenyewe. Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli, na walaji wa kibatari na jiko la mchina walilipia. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine, bei za mafuta zilipaa hadi Serikali ikatoa ruzuku ya Sh. bilioni 100 kwa mwezi wa Juni.

Njia ya pili ni matumizi, nayo ndiyo huwapita wengi bila kuiona. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 alipangiwa Sh. 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti iliyozidi hapo ilikuwa Sh. 350. Mteja wa kawaida wa kundi la T1, ambamo maduka mengi yamo, alipangiwa Sh. 292 kwa kila uniti. Juu yake huongezwa kodi ya VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, jumla asilimia 22.

Tuchukue mfano. Kaya ya D1 inayotumia uniti 75 italipa Sh. 9,150 pamoja na makato hayo. Kaya jirani inayotumia uniti 90 italipa Sh. 15,555. Uniti 15 za mwisho peke yake zimegharimu Sh. 6,405, yaani Sh. 427 kila moja, wakati zile za mwanzo ni Sh. 122 kila moja. Kaya hiyo ikipunguza sehemu moja tu ya sita ya matumizi yake, malipo yanashuka kwa asilimia 41.

Hatari haiishii hapo. Anayezidisha mara kwa mara anaweza kuhamishiwa T1, ambako uniti hizo hizo 90 ni kiasi cha Sh. 32,060.

Taa nne na amana ya benki

Sasa tumtazame mwenye duka wa kundi la T1. Ana globu nne za zamani za wati 60, na huziwasha saa tano kila jioni. Kwa mwezi wa siku 30 zinakula uniti 36. Akiweka taa za LED za wati 9, zitakula uniti 5.4. Ameokoa uniti 30.6, ambazo kwa Sh. 356.24 kila moja ni takriban Sh. 10,900 kwa mwezi, au Sh. 130,800 kwa mwaka.

Tuseme kila taa ameinunua Sh. 4,000. Mtaji wake wa Sh. 16,000 umerudi kabla ya miezi miwili kwisha.

Mwekezaji mdogo alinganishe na amana ya muda maalumu. Tuseme benki inatoa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na kodi ya zuio ya asilimia 10 inakatwa kwenye riba hiyo. Ili apate Sh. 130,800 mkononi, atahitaji kuweka zaidi ya Sh. milioni 1.8. Tena shilingi iliyookolewa haikatwi kodi.

Pa kuanzia

King'amuzi kinachovuta wati 10 kikiachwa kwenye umeme usiku na mchana hula uniti 7.2 kwa mwezi. Kikizimwa ukutani kwa saa 18 zisizo na mtazamaji, kinaokoa uniti 5.4.

Kuchemsha lita moja ya maji kwa birika la umeme hula karibu sehemu moja ya kumi ya uniti. Asiyehitaji zaidi ya vikombe viwili asijaze birika zima. Nguo zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja, maana kila pasi inapoanza kupashwa upya umeme unapotea.

Friji lisibanwe ukutani wala kuwekwa juani. Mpira wa mlango ukilegea, mota haipumziki. Jaribio ni rahisi: bana karatasi mlangoni kisha ivute, ikitoka bila kushika, mpira ubadilishwe.

Jikoni, maharage yalowekwe usiku kucha na sufuria ifunikwe. Mkaa wa kopo ni bei ya rejareja. Anayeweza kuungana na jirani kununua gunia anapata bei ya jumla, na mfanyabiashara haitaji kufundishwa tofauti ya bei hizo mbili.

Weka daftari

Usomaji wa mita uandikwe kila Jumapili jioni. Mwenye D1 agawanye uniti 75 kwa wiki nne; akipita uniti 18 kwa wiki, ajue anaelekea kwenye bei ya juu. Fedha za LUKU zisichanganywe na kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa humo humo: anayeona uniti chache mwanzoni mwa mwezi asidhani bei imepanda kabla ya kusoma risiti.

Mwisho, kilichookolewa kitengwe. Sh. 10,900 zikibaki kwenye droo ya duka zitaliwa kwa soda na nauli. Zikiingizwa kila mwezi kwenye mzunguko wa bidhaa au kwenye vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ni mtaji mpya ambao haukukopwa kwa mtu.