Jirani Anapolalamikia Ukuta

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mit. 18:13, 17, Mit. 25:8, 9, Kum. 19:14, Kum. 22:8, Mwa. 26:12–31, 1 Pet. 4:15, 16, Rum. 12:17–21.

Fungu la kukariri: Warumi 12:18.

Katika pwani ya Kilwa na Lindi, nyumba nyingi zilizungushiwa ua wa makuti. Makuti husitiri watu wa nyumbani, lakini upepo hupenya. Siku hizi matofali ya saruji yanachukua nafasi ya makuti. Ukuta wa matofali unadumu na unazuia wezi, ila upepo nao unauzuia.

Tuchukue mfano wa shemasi mmoja anayeishi Kilwa Masoko. Baada ya kuibiwa kuku mara mbili, anaubomoa ua wa makuti na kujenga ukuta wa futi saba, ndani ya mpaka wake na kwa kibali cha halmashauri. Upande wa kusini wa ukuta huo anaishi bibi mmoja Mwislamu. Majira ya kaskazi yanapofika, na joto lake, bibi anapiga hodi.

“Karibu, bibi. Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwako mwenyewe kabla sijasema na mtu. Ukuta wako umeninyima upepo. Usiku silali kwa joto.”

“Bibi, ukuta uko ndani ya mpaka wangu, na kibali ninacho.”

Bibi anaaga na kwenda zake. Juma hili tutajifunza kwamba kuwa na haki si mwisho wa wajibu wetu kwa jirani.

JUMAPILI: Malalamiko si Mateso

Soma Mithali 18:13, 17 na 1 Petro 4:15, 16. Mafungu haya yanatuonya juu ya nini tunapopokea malalamiko?

Sabato iliyofuata, shemasi anawasimulia ndugu kanisani. Mmoja anasema, “Hawatutaki kwa sababu ya imani yetu.” Wengine wanaitikia kwa vichwa.

Pale ambapo waumini ni wachache, wazo hilo huja upesi. Lakini bibi alisema nini hasa? Alitaja upepo na usingizi. Hakutaja Sabato wala kanisa. Sulemani anasema kwamba kujibu kabla ya kusikia ni upumbavu, na kwamba anayeeleza kwanza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje kumhoji. Siku ile kanisani ni upande mmoja tu uliosikiwa.

Petro naye anatenganisha kuteswa kwa ajili ya jina la Kristo na kupata taabu kwa makosa yetu wenyewe. Tukiita kila lawama mateso, tunajifungia mlango wa kujirekebisha, na tunamshuhudia jirani uongo.

Umewahi kudhani unapingwa kwa ajili ya imani, kumbe jirani alikuwa na hoja ya kweli?

JUMATATU: Aliyekuja Mlangoni

Soma Mithali 25:8, 9 na Mathayo 5:23, 24. Je, nani katika mfano wetu ametii ushauri wa Mithali?

Mithali inashauri mtu asikimbilie kushitaki, bali azungumze na jirani yake mwenyewe, wala asitoe siri yake kwa mwingine. Bibi angeweza kwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji. Angeweza kulisambaza jambo kisimani na sokoni. Badala yake alikuja mlangoni, peke yake, akasema kwa upole. Shemasi ndiye aliyelipeleka jambo kwa watu wengine kwanza.

Hili ni funzo zito kwetu tunaobeba Biblia kila Sabato. Jirani asiyeshiriki imani yetu anaweza kulitenda Neno kabla yetu. Anayekuja kulalamika usoni bado anatuheshimu, na bado anataka ujirani. Siku atakaponyamaza na kupita bila salamu, tutakuwa tumepoteza kitu kikubwa kuliko upepo.

Yesu anataka tuiache sadaka mbele ya madhabahu twende kwanza kupatana. Hasemi tungoje mpaka tuthibitishwe kuwa na kosa. Inatosha kukumbuka kwamba mwenzetu ana neno juu yetu.

JUMANNE: Mpaka na Ukingo

Soma Kumbukumbu la Torati 19:14 na 22:8. Sheria hizi mbili zinafundisha nini juu ya kujenga?

Sheria ya kwanza inalinda mpaka: usiondoe alama ya shamba la jirani. Hapa shemasi hana hatia. Lakini sheria ya pili inakwenda mbele zaidi. Nyumba za Israeli zilikuwa na dari bapa ambazo watu walipanda juu yake, kama zilivyokuwa na dari bapa nyumba za kale za mawe na chokaa huko Songo Mnara, ng'ambo ya Kilwa. Mungu aliagiza mwenye nyumba aweke ukingo ili mtu asianguke. Nyumba ni yake na dari ni yake, lakini ataulizwa juu ya usalama wa mwingine.

Kwa hiyo Mungu anauliza maswali mawili kwa kila mjenzi. Je, umejenga mahali pako? Na je, ulichojenga kinamfanyia nini aliye karibu nawe? Kibali cha halmashauri kinahusu ujenzi. Wajibu wa kumpenda jirani kinauacha palepale.

JUMATANO: Visima vya Isaka

Soma Mwanzo 26:12–31. Kwa nini Isaka aliendelea kuchimba badala ya kupigana?

Wachungaji wa Gerari walidai kisima cha kwanza, na Isaka akakiita Eseki. Wakagombania cha pili, akakiita Sitna. Cha tatu hawakukigombania, akakiita Rehobothi, kwa kuwa Bwana alikuwa amewapa nafasi. Isaka hakuwa mnyonge. Habari inasema alikuwa tajiri mwenye watumishi wengi. Aliachilia kwa sababu alimtumaini Mungu aliyemwahidi.

Angalia mwisho wake. Abimeleki, aliyemfukuza, alimfuata mwenyewe na kukiri kwamba Bwana yu pamoja naye. Wakala, wakanywa, wakaapiana, wakaachana kwa amani. Hatusomi kwamba Isaka alimhubiria. Jinsi alivyoshughulikia ugomvi wa visima ndiyo iliyosema.

ALHAMISI: Kwa Upande Wetu

Soma Warumi 12:17–21. Paulo anaweka masharti gani juu ya amani?

Paulo anasema tuishi kwa amani inapowezekana, na kwa sehemu inayotutegemea sisi. Sehemu ya shemasi ni kurudi kwa bibi, kuomba radhi kwa jibu lake la haraka, na kukaa kivulini kwake saa za joto aone mwenyewe. Kisha aeleze haja yake bila kuificha: wezi, na stara ya binti zake wanaooga uani. Bibi wa pwani anaijua stara vizuri. Wakimwita fundi, huenda akawaonyesha kwamba kozi tatu za juu zinaweza kuondolewa na kuwekwa matofali yenye matundu. Stara inabaki, na upepo unapita.

Si kila ugomvi huisha hivyo. Ikiwa jirani anahamisha mpaka au hataki kusikia, si dhambi kuomba wapatanishi. Mtu anaweza kuanza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, ili kuwasaidia wanaogombana wapatane. Lakini tusianzie huko wakati hodi ya jirani haijapata jibu.

IJUMAA

Kwa kujifunza zaidi: Soma Luka 10:25–37. Angalia jinsi Yesu anavyoligeuza swali la mwanasheria, kutoka nani ni jirani yangu hadi nani alikuwa jirani.

Maswali ya Kujadili:

1. Wale ndugu walioitikia kwa vichwa wangepaswa kumshauri shemasi nini? Kanisa lenu hufanya nini muumini anapoleta ugomvi wake na jirani?

2. Kurekebisha ukuta kunahitaji fedha. Je, shemasi azilipe peke yake? Darasa lijadili mahali ambapo upendo unaishia na haki inaanzia, kama mpaka huo upo.

3. Kuna tofauti gani kati ya kuachilia kama Isaka na kuogopa kusema kweli?

4. Taja jirani mmoja ambaye ana neno juu yako. Utakwenda kupiga hodi kwake siku gani juma hili?