Koti Juu ya Kanzu

Swali: Nimealikwa nikahi Lamu. Je, yafaa nivae koti la suti juu ya kanzu, na miguuni makubadhi?

Jibu: Yafaa, ndugu yangu, nayo ni ada ya waungwana wa pwani tangu zamani, ila sharti vazi moja litawale na mengine yalifuate: kanzu iwe nyeupe, imepigwa pasi, ikome juu kidogo ya vifundo, koti liwe la rangi iliyokoza, lisilometameta, likae barabara mabegani, kofia iwe ya viua, iliyotiwa wanga ikasimama, na makubadhi, kwa kuwa ndiyo mepesi kwa hadhi, yawe ya ngozi iliyong'arishwa, wala si ndara. Viatu vya kamba viache nyumbani, maana mlangoni mwa msikiti vitakuchelewesha.