Kununua Printa ya Wino kwa Ajili ya Picha Nyeusi na Nyeupe

Mlaji ambaye printa yake imekufa baada ya miaka mingi ya kazi huwa na haraka ya kununua nyingine, na haraka hiyo humgharimu. Dukani huelezwa kasi ya kuchapa, ukubwa wa karatasi na bei. Kwa anayechapa barua, hayo yanatosha. Kwa anayechapa picha nyeusi na nyeupe, awe mwenye studio au mtu anayetaka kuhifadhi picha za wazazi wake, swali la kwanza ni jingine: je, printa hii ina wino wa kijivu?

Printa nyingi za bei nafuu hutumia wino wa rangi nne tu: samawati, majenta, njano na nyeusi. Ili kupata kijivu cha shavu la mtu au cha wingu, hulazimika kuchanganya matone ya rangi zote hizo. Uwiano ukikosewa kidogo tu, picha huwa na ukijani au wekundu. Nyingine huonekana safi chini ya taa ya sebuleni, lakini ikitolewa nje juani hubadilika sura. Ukiiamuru printa itumie wino mweusi peke yake, kasoro hiyo hutoweka, ila sehemu angavu za picha hujaa vitone kana kwamba zimemwagiwa vumbi.

Printa zilizoundwa kwa kazi hii hutumia kijivu kilichotengenezwa kiwandani. Epson SureColor P900, kwa mfano, ina wino wa aina 10; miongoni mwake mna weusi wa aina mbili, mmoja wa karatasi inayong'aa na mwingine wa karatasi isiyong'aa, pamoja na vijivu viwili. Si mashine ya bei ndogo, wala hatusemi kila mtu ainunue. Tunaitaja ili msomaji ajue cha kutafuta anapolinganisha.

Uliza pia kama wino ni wa pigimenti au wa dai. Pigimenti hustahimili mwanga kwa muda mrefu zaidi, nayo ndiyo inayofaa kwa picha itakayotundikwa ukutani. Lakini printa isipotumiwa kwa muda mrefu, wino hukauka na kuziba vitundu vya kichwa cha kuchapia. Anayechapa mara chache ajizoeze kuchapa ukurasa mmoja kila wiki, na aifunike mashine yake isiingie vumbi. Usafishaji wa kichwa nao hula wino, tena mwingi.

Kabla ya kulipia mashine, uliza bei ya seti nzima ya katriji na ujazo wake. Katriji ya P900 ina mililita 50. Ya mdogo wake, P700, ina mililita 25. Kumbuka vilevile kwamba sehemu ya wino unaokuja na printa mpya huishia kujaza mirija na kichwa siku ya kwanza. Wino wa kujazia wa bei rahisi unaweza kufaa kwa maandishi, lakini kijivu chake kikitofautiana na cha asili, picha zako zitabadilika rangi.

Nenda dukani na picha yako mwenyewe kwenye flashi, yenye uso wa mtu, anga na nguo nyeusi. Omba ichapwe, uitazame chini ya taa ya dukani, kisha uitoe mlangoni uitazame kwa mwanga wa mchana. Muuzaji akikataa, jaribu duka jingine.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Hata hivyo, malalamiko huhitaji ushahidi. Risiti iandikwe jina kamili la modeli, si neno "printa" tu, na waranti ieleze wazi kama kichwa cha kuchapia kimo au hakimo, kwa kuwa ndicho kifaa ghali kukibadilisha.