Moyo na Mikono ya Mwimbaji

Mafungu ya kujifunza: 1 Samweli 16:7, 14–23, 1 Nyakati 15:22, 23:3–5, 25:1–8, Hesabu 8:23–26, Amosi 5:21–24, Matendo 16:25.

Fungu la kukariri: Zaburi 78:72. Kila mwanadarasa alisome katika Biblia yake mwenyewe na kulikariri.

Karibu kila kwaya ya kanisa, iwe Mwembesongo, Kihonda au vijiji vya juu Uluguru, inawajua watu wawili hawa. Wa kwanza ni kijana wa sauti ya tatu. Akiwapo, wimbo unasimama. Lakini mazoezini haonekani, Shule ya Sabato humkuta angali njiani, na mwalimu wa kwaya akimsahihisha hununa juma zima. Wa pili ni mama wa sauti ya pili. Hufika wa kwanza, hufagia, huomba, na mchango wa sare hutoa kabla ya wote. Ila wimbo ukifika ubeti wa pili sauti yake hushuka, na walio jirani naye hushuka pamoja naye. Makambi yamebaki majuma matatu. Nani asimame mbele?

Katika vikao vyetu hujitokeza pande mbili. Upande mmoja husema kwamba Mungu hutazama moyo, basi yatosha. Mwingine husema tusiliaibishe jina la Bwana mbele ya wageni. Pande zote mbili zina mafungu, na kwa kawaida kila upande umeishia kusoma fungu lake.

Soma 1 Samweli 16:7, kisha uendelee hadi fungu la 18. Mtumishi wa Sauli anataja sifa gani za Daudi? Anaanza na ipi, na anamalizia na ipi?

Anaanza na ujuzi wa kupiga kinubi, na anamalizia kwa kusema kwamba Bwana yu pamoja naye. Sura ni ile ile ambayo ndani yake Samweli amefundishwa kutotazama umbo la nje. Anayetumia fungu la 7 kutetea uvivu wa mazoezi hajafika fungu la 18. Na anayelipenda fungu la 18 kwa sababu ya kinubi, alisome mpaka mwisho.

Wenye ujuzi 288

Soma 1 Nyakati 23:3–5 na 25:1–8. Waimbaji na wapigaji wa hekalu walipangwaje? Kura ilipigwa kati ya nani na nani?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, tusipite mbio. Daudi alihesabu Walawi 38,000 wenye miaka thelathini na zaidi, na kati yao 4,000 wakawekwa kumsifu Bwana kwa vinanda. Ndani ya kazi hiyo wanatajwa 288 waliofundishwa na kuwa mahiri, chini ya Asafu, Hemani na Yeduthuni, wakagawanywa zamu 24 za watu kumi na wawili. Biblia haioni haya kuhesabu wenye ujuzi. Kenania naye aliwekwa juu ya uimbaji kwa sababu alikuwa stadi (1 Nyakati 15:22), na kazi yake ilikuwa kufundisha.

Lakini tazama fungu la 8 la sura ya 25. Zamu zilipangwa kwa kura, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Bingwa hakuchagua zamu. Yaani ujuzi ulikuwa sababu ya kumfundisha mwenzako. Haukuwa sababu ya kupewa nafasi ya mbele. Kwa kipimo hicho, kijana wetu wa sauti ya tatu hajapungukiwa tu adabu ya kuhudhuria. Amewanyima wenzake kile alichopewa kwa ajili yao. Na mama yetu, je, yuko aliyewahi kukaa naye nusu saa akamfundisha? Mara nyingi hakuna. Tunamnung'unikia nyuma ya kanisa, kisha tunauita unung'unikaji huo upendo wa muziki mzuri.

Wakazi wa Morogoro tusijidanganye kwamba watu hawasikii. Mji huu ulilea Morogoro Jazz na Cuban Marimba, na gitaa la Mbaraka Mwinshehe lilijulikana Afrika Mashariki yote. Nyimbo hizo si za ibada, wala siziingizi kanisani kwa mlango wa nyuma. Nasema tu kwamba vijana wale walifanya mazoezi. Mgeni anayefika uwanjani kwenye mahubiri ya hadhara ana masikio, na kwaya isiyojiandaa humwambia kwamba ujumbe wenyewe si mzito.

Solfa tunayoandika ubaoni, d, r, m, ilienezwa katika karne ya 19 na John Curwen, mchungaji wa Uingereza, ambaye alitaka watoto na watu wa kawaida wasiojua noti waweze kuimba vizuri. Njia hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama mama yetu. Akae katikati ya sauti mbili imara, aimbe polepole bila kinanda, apewe muda. Asipoweza baada ya kufundishwa kweli, mwalimu wa kwaya amwambie faraghani, kwa heshima anayostahili mama, na amtafutie huduma ambayo si ya kumfariji tu. Hesabu 8:25, 26 inaonyesha Mlawi wa miaka hamsini akiachia kazi nzito huku akiendelea kuwasaidia ndugu zake hemani. Hakufukuzwa.

Na kijana? Asiyefanya mazoezi asisimame Sabato hiyo, hata kama wimbo utayumba. Ni uamuzi mgumu makambi yakikaribia, nao ndio unaoonyesha kama kwaya inaamini inachokiimba. *Kanuni ya Kanisa* inasema wazi kwamba kipaji cha muziki ni sifa mojawapo tu ya mwimbaji. Lakini mzee wa kanisa amtembelee kabla ya Sabato hiyo. Pengine kuna jambo nyumbani, au kazi ya zamu, au jeraha ambalo hatujauliza.

Bwana anapoukataa wimbo

Soma Amosi 5:21–24. Je, waimbaji wale walikosea sauti?

Amosi hataji kosa lolote la uimbaji. Kilichokosekana kilikuwa haki, sokoni na langoni pa mji. Linganisha na Matendo 16:25: Paulo na Sila, migongo ina majeraha, hakuna kinanda wala mazoezi, na wafungwa wanasikiliza. Gereza la Filipi si kisingizio kwa kwaya yenye jioni mbili za mazoezi kila juma, ila linatukumbusha nani anayeupa wimbo nguvu.

Ellen White, katika *Shuhuda* kitabu cha 9, alishauri kundi lichaguliwe kuongoza nyimbo, na vyombo vipigwe kwa ustadi. Papo hapo aliongeza kwamba uimbaji usiachiwe wachache siku zote. Mara nyingi iwezekanavyo kusanyiko lote liimbe. Makanisa yenye kwaya tano kwa Sabato moja, huku *Nyimbo za Kristo* kikifunguliwa mara mbili tu, yalitafakari shauri hilo.

Maswali ya kujadili

1. Katika kwaya yenu, nani anamfundisha nani? Majina yatajwe kwa shukrani, si kwa lawama.

2. Mkipiga kura ya kupanga waimbaji kama katika 1 Nyakati 25:8, nani angeumia zaidi, na kwa nini?

3. Mwalimu wa kwaya ana juma moja kabla ya makambi. Aanze kwa kuzungumza na kijana au na mama? Aseme neno gani kwanza?