Ufunguo ambao hatukupeana

SWALI: Nauza mpunga hapa Milepa, mnunuzi yuko Sumbawanga mjini. Bei tunapatana kwa WhatsApp na hatujawahi kuonana. Simu zetu zilipeana ufunguo wa siri lini?

JIBU: Hazikupeana, na utamu uko hapo. Kwa njia waliyoitangaza watafiti Diffie na Hellman mwaka 1976, kila simu hubaki na namba yake ya siri na kutuma nyingine tu, iliyokokotolewa kutokana na hiyo. Ikichanganya siri yake na namba iliyopokea, zote mbili hufikia jibu moja. Anayedukiza njiani huona namba zilizotumwa; kurudi nyuma hadi kwenye siri ni hesabu inayozishinda kompyuta za leo.

Jibu hilo huzaa funguo za biti 256 za mbinu ya kufunga ujumbe iitwayo AES, na AES ndiyo hufunga maneno, sauti na picha za magunia, maana ina kasi. SMS ya kawaida haina ulinzi huo.

Ila laghai akijipenyeza katikati, anaweza kupatana na kila mmoja wenu kivyake. Basi ukipanda mjini, fungueni simu mlinganishe tarakimu 60 za usalama ambazo WhatsApp huonyesha kwa mazungumzo yenu; zikifanana, hakuna aliyejipenyeza.