Hujala Kitu, Tumbo Limejaa

Mdogo wangu wa Kibarani, barua yako nimeisoma. Umetapika usiku kucha, kutapika kumekoma, na sasa siku ya tatu ukila vijiko viwili vya wali wahisi umetoka karamuni. Wabeua, tumbo limevimba, na mama mkwe akusukumia biriani "urudishe nguvu". Muombe radhi, biriani ingoje.

Kwa kawaida chakula huchukua kama saa 4 kushuka kutoka tumboni hadi kwenye utumbo, na kinachokisukuma ni misuli ya tumbo. Virusi au chakula kilichoharibika kikikuvuruga, misuli hiyo hulegea na chakula kikachelewa kushuka. Wengi hutengemaa baada ya siku chache, wachache huchukua wiki kadhaa. Basi usitie vidole kooni "kutoa kilichobaki", wala usikimbilie antibiotiki ya Flagyl kwa kubahatisha: haiui virusi, na yenyewe huleta kichefuchefu.

Maji kwanza. Ukikosa pakiti ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1 ya maji, na vijiko uvisawazishe, visifurike. Chumvi ikizidi ni hatari. Maji yenyewe, hasa ya mitungi ya mkokoteni, yachemshe. Kunywa funda moja moja. Dafu ni zuri lakini chumvi yake ni kidogo, halishiki nafasi ya ORS.

Kisha uji mwepesi, ndizi mbivu, wali uliopikwa ukalainika: robo bakuli, upumzike, halafu robo nyingine baadaye. Viazi karai, bajia na mchuzi mzito wa nazi vikae kando, maana mafuta huchelewesha tumbo zaidi. Soda nayo itakuongezea gesi tu. Ukishakula usijilaze, keti, au tembea polepole uani.

Ukitapika damu au kijani, tumbo likawa gumu na upepo hautoki, mkojo ukakauka, au ukaharisha kama maji ya mchele, usingoje kukuche. Nenda kituo cha karibu, au vuka Makupa uende hospitali ya Coast General. Hali ikipita wiki mbili pia nenda, upimwe na sukari, kwani kisukari hulegeza tumbo vivyo hivyo.

Na siku zako, shoga, zimekuja mwezi huu? Kama hazijaja, pima mimba kabla hujameza dawa yoyote.