Mashine pepe ikigoma kuwaka, usiifute kwanza

Mdogo wangu uliyeniandikia kwamba mashine pepe yako inaanguka kila ukiiwasha, na kwamba leo usiku unaifuta uanze upya: subiri. Humo ndani mna mazoezi yako ya muhula mzima. Tena mara nyingi kilichoharibika hakimo ndani yake, kiko kwenye laptopu iliyoibeba.

Funga programu ya VirtualBox kabisa, kisha nakili folda nzima ya mashine hiyo kwenye diski ya nje. Faili la .vdi ndilo diski yenyewe, na faili la .vbox ni maelezo tu ya mashine. Kama uliwahi kupiga snapshoti, hakikisha folda ya Snapshots nayo imeingia kwenye nakala, maana bila hiyo lile .vdi litakurudisha kwenye kazi ya zamani. Nakala ikishakamilika ndipo uanze kugusagusa.

Sasa angalia imeangukia wapi. Wengi huniambia "haiwaki", basi, na hapo siwezi kuwasaidia. Kuna mashine inayokataa kabla hata dirisha lake halijafunguka. Hiyo niambie haraka, kwa sababu shida huwa kwa mwenyeji, yaani laptopu. Kuna inayofika kwenye nembo ya Windows au maandishi ya Linux yanayotiririka ndipo ianguke. Hiyo mtazame mgeni mwenyewe, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, pamoja na vifaa ulivyompa.

Kisha soma logi, wadogo zangu. Hapa ndipo ninapoona watu wakipoteza usiku mzima kwa kubahatisha, ilhali jibu limeandikwa. Bofya jina la mashine kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Show Log". VBox.log ina mistari mingi sana, wewe tafuta herufi VERR, ndizo zinazotangulia majina ya makosa. Shika kosa la kwanza kutokea. Yanayofuata huwa ni matokeo yake. Ikiwa mashine ilianguka mapema mno hata VBox.log haikuandikwa, kwenye Windows fungua VBoxHardening.log katika folda ileile ya Logs. Mara kwa mara utakuta humo jina la faili la programu nyingine, mathalani antivirusi, lililojaribu kujipenyeza na VirtualBox ikalikatalia.

Ukiona VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED kwa Intel, au VERR_SVM_DISABLED kwa AMD, prosesa inao uwezo wa kubeba mashine pepe ila umezimwa kwenye BIOS. Ingia BIOS, uwashe VT-x au SVM, uhifadhi, uwashe laptopu upya. Na ninyi mnaonunua laptopu zilizokwisha kutumika maofisini, ingieni BIOS palepale dukani kabla ya kutoa hela. Nyingine zimefungwa kwa nywila ya ofisi ya zamani, na muuzaji haijui.

VERR_VMX_NO_VMX ni habari nyingine. Mara nyingi uwezo upo, lakini Hyper-V ya Windows imeukalia. Huenda uliiwasha bila kujua ulipoweka Docker au WSL 2. VirtualBox za sasa zinaweza kupita juu ya Hyper-V, ila taratibu, na utaona kobe mdogo wa kijani chini ya dirisha. Ukitaka kuiondoa njiani, fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, andika bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, kisha washa laptopu upya. WSL 2 haitafanya kazi mpaka urudishe neno auto mahali pa off. Kinga ya Windows iitwayo Memory Integrity nayo hutegemea Hyper-V, kwa hiyo kama laptopu hiyohiyo ndiyo unayofanyia mambo ya benki, mimi ningevumilia kobe.

Tuje kwenye ramu. Kwenye laptopu ya gigabaiti 4 huwezi kumpa mgeni 3 ukategemea mwenyeji apumue. Usivuke eneo la kijani kwenye mipangilio ya ramu. Ubuntu Server isiyo na madirisha inatosheka na 2. Tazama pia nafasi ya diski, kwa kuwa .vdi inayokua yenyewe huweza kuijaza C bila wewe kushtuka.

Kama mashine ulikuwa umeihifadhi ikiwa inaendelea, halafu ukaboresha toleo la VirtualBox, hali ile inaweza kukataa kurudi. Chagua "Discard Saved State". Utapoteza ulichokuwa hujakihifadhi, kama vile umeme umekatika, lakini diski inabaki.

Na mgeni anayeangukia kwenye nembo? Kwanza jiulize ulibadilisha nini juzi. Ukihamisha diski ya Windows kutoka SATA kwenda IDE, au ukiwasha EFI kwa mfumo uliosakinishwa bila EFI, hautawaka. Skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE inaelekeza huko. Rudisha ilivyokuwa. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika kwenye daftari, ndipo ushike kingine.

Ikigoma bado, niandikie tena. Niambatishie logi nzima, si picha ya skrini, unitajie na toleo la VirtualBox na la Windows yako.